Bourbon laini: pesa inanunua ulaini mpaka wapi?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Naishi Lexington, Kentucky, huu mwaka wa pili, nafanya kazi kwenye ghala la mizigo. Huku shughuli yoyote lazima bourbon, ile wiski ya Kimarekani, itokee, na wenzangu wanainywa kavu, bila soda wala barafu. Nilipojaribu ilinichoma koo nikakohoa mpaka machozi yakanitoka. Nyumbani nilizoea bia, na nikizidisha ni Konyagi na tonic. Nataka bourbon laini ya kunywa taratibu. Nina bajeti tatu: chini ya dola 20 ya kukaa nyumbani, dola 30 hivi ya wageni, na dola 60 au kidogo zaidi ya kumpelekea baba mkwe Arusha mwezi wa Desemba. Je, ni kweli ukitoa zaidi unapata laini zaidi?

JIBU: Pole kwa koo, kaka. Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo litakalokuokolea pesa.

Ni kweli, ila kweli hiyo ina mpaka. Kutoka dola 15 hadi kama 40, kila noti unayoongeza unaionja mdomoni: pombe imekaa pipani muda mrefu zaidi, mapipa yamechaguliwa kwa makini, ule ukali wa pombe changa umepungua. Ukishapita hapo, pesa yako inaanza kununua vitu vingine: uhaba, jina, chupa ya kupendeza, na mara nyingi nguvu ya kilevi. Chukua Booker's, inayotengenezwa na watu wa Jim Beam. Bei yake ni karibu dola 90 na kuendelea, na ni bourbon nzuri sana. Lakini inatolewa kwenye pipa na kutiwa chupani bila kupunguzwa kwa maji, na kilevi chake kinapita asilimia 60. Ukiinywa kavu leo, utakohoa kuliko siku ile. Wanaolipa bei hiyo wanautafuta moto, wewe unaukimbia.

Kwa hiyo kabla ya kuangalia bei, soma lebo.

Kinachochoma kwanza ni kilevi chenyewe. Sheria ya Marekani inataka bourbon iwe na kilevi cha asilimia 40 au zaidi inapotiwa chupani. Lebo zao huandika pia neno "proof", ambalo ni hiyo asilimia mara mbili: 80 proof ni asilimia 40, 101 proof ni 50.5. Tofauti ya 40 na 50 kwenye karatasi ni ndogo, kooni ni kubwa. Kwa sasa baki kati ya 40 na 46. Ukikuta maneno "Barrel Proof" au "Cask Strength", yaani imetoka pipani bila kupunguzwa kwa maji, irudishe kwenye rafu. Na ukikuta "Bottled in Bond", ujue ni asilimia 50 kamili. Maneno hayo yanatokana na sheria ya mwaka 1897, enzi ambazo wafanyabiashara walikuwa wakitia rangi na uchafu mwingine kwenye pombe na kuiita wiski. Sheria ilidai pombe iwe ya kiwanda kimoja, ya msimu mmoja, na ikae angalau miaka 4 kwenye ghala lililo chini ya usimamizi wa serikali. Inakuhakikishia kwamba unachokunywa ni halali. Ulaini haumo katika ahadi hiyo.

Cha pili ni nafaka, na hapa ndipo ningependa utulie. Angalau asilimia 51 ya nafaka ya bourbon lazima iwe mahindi, na viwanda vingi huvuka 70. Mahindi ndiyo yanayoleta utamu. Sehemu ndogo ni kimea cha shayiri, kinachogeuza wanga kuwa sukari ili hamira ipate cha kula. Nafaka ya tatu ndiyo inayoamua tabia ya pombe. Kwa kawaida ni rai, nafaka ya nchi za baridi, jamaa wa ngano, na huyo ndiye mwenye mwasho wa pilipili manga unaousikia nyuma ya ulimi. Baadhi ya viwanda huitoa rai na kuweka ngano mahali pake, na hapo pombe inatulia: unapata harufu ya mkate, vanila, asali kidogo, na mwasho unaondoka. Maarufu zaidi kati ya hizi ni Maker's Mark, inayotengenezwa kijijini Loretto huko huko Kentucky: mahindi asilimia 70, ngano 16, kimea cha shayiri 14. Larceny ya kiwanda cha Heaven Hill na Weller ya kiwanda cha Buffalo Trace nazo ni za ngano. Mtu akiniambia bourbon inamchoma, nampeleka kwenye ngano kwanza kabla hata sijamuuliza ana shilingi ngapi.

Lakini usiigeuze msahafu. Four Roses ina mapishi mawili ya nafaka, moja lina rai asilimia 20 na jingine 35, ambayo ni nyingi, na bado chupa yao ya kawaida ni miongoni mwa laini kuliko zote. Kwa nini? Wana hamira za aina 5, hivyo wanapata pombe 10 tofauti za kuchanganya mpaka ladha ilingane. Tena maghala yao ni ya ghorofa moja, kwa hiyo joto la juu na la chini halipishani sana. Maghala ya wengine yana ghorofa nyingi, na pipa la juu kabisa linapikwa na jua huku la chini limepoa.

Cha tatu ni pipa. Pombe inapotoka kwenye mtambo ni nyeupe na kali, usingeitofautisha kirahisi na gongo. Rangi yote ya bourbon, na ile harufu ya vanila na sukari iliyoungua, hutoka kwenye pipa jipya la mwaloni lililochomwa kwa ndani mpaka likafanya mkaa. Hairuhusiwi kuongeza rangi wala ladha. Kiangazi cha Kentucky huisukuma pombe ndani ya mbao, baridi huirudisha, mwaka hadi mwaka, na kila mara inarudi na kitu. Ndiyo maana bourbon ya miaka 6 au 8 imeshaiva, wakati wiski ya Scotland ya umri huo, kwenye hali ya hewa iliyopoa, bado inajikongoja. Ndiyo maana pia umri mkubwa si dawa. Ikipita miaka 12 hadi 15, mbao mara nyingi huanza kutawala na bourbon inakuwa chungu na kavu, kama chai iliyosahauliwa jikoni na majani yake ndani. Watu hulipa mamia ya dola kwa uchungu huo na kuusifia.

Kuna jambo moja ambalo lebo huwa hazikuambii. Sheria inaruhusu pombe iingie pipani ikiwa na kilevi cha hadi asilimia 62.5. Kadiri inavyoingia na nguvu, ndivyo kiwanda kinavyohitaji mapipa machache, halafu wanaongeza maji wakati wa kujaza chupa. Maker's Mark wanaiingiza ikiwa na 55 tu, Michter's na 51.5. Inawagharimu mapipa mengi zaidi, lakini kinachokufikia kimetiwa maji machache kuliko cha wengine, na ladha ya pipa imebaki. Hiyo ni gharama ambayo mnywaji anaionja.

Sasa twende dukani. Bei ninazotaja ni za chupa ya mililita 750 huko Marekani, kabla ya kodi, nazo hutofautiana kati ya duka na duka.

Chini ya dola 20, ya kuweka kabatini ni Evan Williams ya lebo nyeusi. Ina kilevi cha asilimia 43, na kwa kawaida utaipata kwa dola 15 hadi 18. Ni tamu mwanzoni, mwisho wake ni mfupi, haina majivuno, na siku ukimwagia soda ya tangawizi hutajisikia vibaya. Jim Beam ya lebo nyeupe ipo kwenye bei hiyo hiyo, asilimia 40, miaka 4. Ina harufu ya karanga za kukaanga, wengine wanaipenda kwa sababu hiyo hasa. Mimi naona inakwaruza kidogo ikishuka. Ukiweza kuvuka bajeti kwa dola 3 hadi 5, basi chukua Four Roses ya kawaida, asilimia 40. Ni nyepesi, ina harufu ya matunda, inateremka bila ugomvi. Wajuzi watakwambia ni nyepesi mno. Waache na wao.

Ukiwa kwenye bei hizo za chini, tafuta neno "Straight" kwenye lebo. Maana yake pombe imekaa pipani angalau miaka 2, na kama haijatimiza 4 lazima umri uandikwe. Kwa hiyo ukiona "Straight Bourbon" na hakuna umri wowote, ujue ina miaka 4 au zaidi. Na zile chupa za bourbon ya asali, ya tufaha, ya vanila, zitakuvutia kwa kuwa hazichomi. Hazichomi kwa sababu zimetiwa sukari na kilevi kimepunguzwa. Kunywa ukipenda, lakini hazitakufundisha koo lako chochote.

Dola 30 ya wageni ni kiwango ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu hapo pesa inafanya kazi kweli. Nunua Maker's Mark. Ni asilimia 45, ile chupa iliyochovywa kwenye nta nyekundu. Vuta kile kiutepe kinachochungulia kwenye nta, usihangaike na kisu. Mwaka 2013 kampuni ilitangaza kuipunguza hadi asilimia 42 kwa kuwa pombe ilikuwa haitoshi soko. Wanywaji wakaja juu, na baada ya siku chache kampuni ikarudi kwenye 45. Nakusimulia hivyo ujue kwamba hata wanaopenda ulaini hawataki pombe iliyokufa: 45 ya ngano inaweza kuwa laini kuliko 40 ya rai iliyotengenezwa kwa haraka.

Larceny, asilimia 46, ni mbadala mzuri kama duka halina Maker's Mark. Buffalo Trace, asilimia 45, ina rai lakini kidogo, na wageni wako Wamarekani wataifurahia zaidi kwa sababu ya jina. Weller Special Reserve inatumia pishi lile lile la ngano la Pappy Van Winkle, ile bourbon inayouzwa mitaani kwa maelfu ya dola. Habari hiyo imeiharibu Weller: maduka yanaipandishia bei. Ukiikuta kwa dola 30, beba. Ikivuka 45, salimia na upite.

Kwenye dola 40 hivi, ambako wewe hukuuliza, kuna chupa zinazoweza kukusaidia kuamua hata ya mkwe. Woodford Reserve, asilimia 45.2, ni nono, ina kakao na matunda makavu, na ipo karibu kila duka. Maker's Mark 46 ni ile ile ya ngano iliyorudishwa pipani pamoja na vipande vya mwaloni wa Ufaransa. Jina lisikuchanganye, kilevi chake ni 47. Eagle Rare ya miaka 10 ni tulivu kweli ukiipata kwa bei ya haki. Basil Hayden ina rai nyingi lakini imeshushwa hadi 40; haikuchomi, wala haikuachii la kukumbuka. Naona ni ghali kwa kilichomo.

Nusu ya kazi imo kwenye namna unavyokunywa, na hili ni bure. Wageni wengi wa wiski wanaipiga kama maji ya kunywea dawa, na koo linajibu. Mimina kidogo, mililita 30 hadi 40, kwenye glasi ndogo iliyobana juu. Ya mvinyo inafaa. Iache dakika 5 au zaidi. Unusapo, usitumbukize pua ndani. Ishike glasi chini ya kidevu, fungua mdomo kidogo, na uilete taratibu. Funda la kwanza liwe tone tu, lizungushe mdomoni na umeze. Hilo litachoma, usilihukumu. Kazi yake ni kuuzoesha mdomo. Bourbon unaanza kuionja kwenye funda la pili.

Bado inachoma? Tia maji ya kawaida, si ya barafu. Hesabu yake ni rahisi: mililita 40 za bourbon ya asilimia 50 ukiongeza vijiko viwili vya chai vya maji, yaani mililita 10, umeishusha hadi 40. Hakuna aibu hapo. Viwanda vyenyewe vinatia maji kabla ya kuziba chupa, na wachanganyaji wao huonja pombe ikiwa imetiwa maji. Barafu nayo inapunguza ukali, lakini inafunga harufu, kwa hiyo tumia siku ya joto, siyo siku unayotaka kujifunza. Na usinywe tumbo likiwa tupu. Nyama choma, karanga, hata chokoleti chungu, vinaiweka bourbon mahali pake.

Tena wewe umekaa katikati ya nchi yenyewe. Kutoka Lexington, Buffalo Trace ipo Frankfort, Woodford Reserve ipo Versailles, na Four Roses na Wild Turkey zote zipo Lawrenceburg. Hakuna iliyo mbali. Ziara za kawaida za Buffalo Trace hazilipiwi na mwishoni unaonjeshwa, ila weka nafasi mapema. Nenda na mwenzako asiyekunywa, awe yeye mwenye usukani. Na madukani ulizia vichupa vya mililita 50. Maker's Mark, Four Roses, Woodford, zote zinapatikana hivyo kwa dola chache. Vitatu au vinne jioni moja, kwa mafunda madogo, vitakuambia zaidi ya haya yote niliyoandika.

Sasa mzee wa Arusha. Kabla ya yote, muulize mkeo kama baba yake anatumia, na anatumia nini. Kama ameokoka, mpelekee koti zuri uondokane na aibu. Kama anatumia, huenda anajua Jack Daniel's, ambayo ndiyo wiski ya Kimarekani inayoonekana zaidi kwenye baa za kwetu. Hiyo ni ya Tennessee, na kabla ya kuingia pipani huchujwa taratibu kupitia mkaa wa mti wa maple. Aliyemfundisha Jack Daniel kazi ya kukeneka alikuwa Mmarekani mweusi aliyezaliwa utumwani, Nathan Green, waliyemwita Nearest. Msimulie mzee kisa hicho wakati unamkabidhi chupa, mtapata mazungumzo ya jioni nzima.

Kwa ulaini peke yake, chukua Angel's Envy. Ni dola 50 hadi 55, asilimia 43.3, na baada ya pipa la kawaida huhamishiwa kwenye mapipa yaliyobeba mvinyo wa port wa Ureno. Inatoka na utamu wa zabibu ambao hata asiyeijua bourbon anauelewa mara moja. Chupa yake ina mabawa yaliyochorwa mgongoni, inapendeza mezani. Michter's US*1, asilimia 45.7, ni chaguo la pili, kwa sababu ile niliyokueleza ya kuingia pipani na kilevi kidogo.

Wenzako watakushauri Blanton's. Siipingi, kwa sharti. Ilianza kuuzwa mwaka 1984, kazi ya Elmer T. Lee wa kiwanda ambacho leo ni Buffalo Trace, na ndiyo iliyofungua soko la bourbon ya pipa moja moja: kila chupa imetoka kwenye pipa moja tu, na lebo inakuonyesha ghala, namba ya pipa na tarehe lilipomiminwa. Juu ya kizibo amesimama farasi na mpanda farasi wake. Vizibo vipo vya aina 8, kila kimoja na herufi yake ya jina Blanton's, na farasi anabadilisha mkao kutoka kusimama hadi kumaliza mbio, watu wanavikusanya. Ina 46.5, ni nzuri, si laini kuliko Angel's Envy. Kama duka linaiuza dola 70 hivi, na mzee ni mtu wa kupenda kitu cha kuonyesha wageni, mnunulie. Wakitaka 120, hizo 50 za juu ni bei ya farasi.

Kuhusu safari: pombe ya asilimia kati ya 24 na 70 inaruhusiwa kwenye begi la kukaguliwa, isizidi lita 5 kwa abiria, ikiwa bado imefungwa ilivyotoka dukani. Forodha ya Afrika Mashariki inakusamehe ushuru wa lita moja ya pombe kali. Chupa moja ya mililita 750 inapita bila neno. Mbili, jiandae kulipia ya pili. Ifunge kwa plastiki, uizungushie nguo nzito, na uiweke katikati ya begi, siyo pembeni. Ukifika, mwambie mzee aihifadhi ikiwa imesimama, si kwa kulazwa kama mvinyo, kwa sababu kilevi kikali kinakula kizibo.

Kwa kifupi cha manunuzi: Evan Williams nyeusi kabatini, Maker's Mark ya wageni, Angel's Envy ya Arusha. Zote tatu hazifiki dola 110, na kwa chenji inayobaki kwenye bajeti yako nunua vile vichupa vya mililita 50 uanze navyo wiki hii.